Faili Nililolifuta Ili Disketi Itoshe

Najua mnanicheka. Juzi kijana mmoja anayetengeneza simu hapa mtaani alinikuta nikisoma masharti ya programu, miwani puani, mstari kwa mstari, akaniuliza, "Shosho, unatafuta mume humo ndani?" Nikamwambia hata bibi kizee kama mimi, ningekuwa natafuta mume nisingeanzia kwenye maandishi madogo namna ile. Nyinyi mnagusa "Nakubali" kama mtu anayefukuza nzi. Sawa. Mimi nilikuwa mbaya kuliko nyinyi, kwa sababu mimi sikukubali wala sikukataa. Mimi nilifuta.

Nawaandikia kwa kuwa wengi wenu sasa mnatengeneza programu za kuuza, na karibu zote mnazijenga juu ya kazi ya watu msiowajua. Hilo si kosa. Kosa ni kujenga bila kuuliza mwenye kiwanja amesema nini. Mimi kosa hilo lilitaka kuniondoa kazini nikiwa bado mbichi, na lilitaka kuondoka na mtu aliyeniamini.

Kazi ya kompyuta niliianzia Voi, katika duka la Bi Zuhura. Lilikuwa duka la kupiga taipu na kuchapa, alilorithi kwa marehemu mumewe. Watu wake walitoka Pwani zamani, na Kiswahili chake kilinyooka hata akiwa amekasirika. Mimi nilishuka kutoka Ronge, kijijini kwetu milimani, na cheti cha kozi ya miezi sita, nikijiona profesa. Kompyuta yeye hakuijua. Aliigusa kwa ncha ya kidole kama sufuria iliyo motoni. Karatasi ndiyo aliyoijua.

Dukani kwake palikuwa na sheria moja: hakuna karatasi inayotoka kabla haijasomwa kwa sauti na watu wawili. Mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kidole kwenye nakala nyingine. Tulisoma hivyo barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba, mialiko ya harusi, hata tangazo la mbuzi aliyepotea, mwenye mbuzi akiwa amesimama pale anaona haya. Muhuri wa duka ulikaa ndani ya mkebe wa biskuti, na mkebe haukufunguliwa mpaka neno la mwisho lisomwe. Niliona ni mambo ya kizamani, lakini nilitii. Disketi, kile kibamba cha plastiki tulichobebea programu, haikunijia akilini kuwa nayo ni karatasi.

Kabla sijafika kwenye kosa lenyewe, niwape kisa cha neno "bure", maana linawadanganya hata leo. Nilipata programu ya kuchapa kadi, wakasema ni bure. Nikaitumia kwa raha zangu. Siku thelathini zilipokwisha, nikachapa kadi za harusi za binti mmoja wa pale Mraru, rundo zima, na katikati ya kila kadi, juu ya jina la bwana na la bibi harusi, pakatokea maneno ya Kiingereza kwamba hii ni nakala ya majaribio. Mama yake binti alizishika, akazigeuza, akaniuliza kwa upole kama mimi najua jambo ambalo yeye halijui kuhusu ndoa ile. Tulizichapa upya kwa taipu. Kwa hiyo jueni: kuna bure ya kuonja, na kuna bure ya ruhusa, na hizo mbili haziko nyumba moja.

Bure ya ruhusa ndiyo iliyonikuta kwa Bwana Mutua.

Bwana Mutua alikuwa na malori yanayobeba ndizi na nyanya kutoka Taveta kuja Voi na kuteremka mpaka Mombasa. Shida yake haikuwa malori, ilikuwa kreti. Aliwaazima wakulima na akina mama wa soko kreti zake, na kreti ikishafika nyumbani kwa mtu inapata kazi nyingine. Inakuwa kiota cha kuku, inakuwa kiti, inakuwa kabati. Alitaka kompyuta imwambie kreti gani iko kwa nani na inarudi lini. Alikuwa amewahi kununua programu kwa fundi mmoja kutoka Nairobi. Fundi akahama, simu ikakatwa, programu ikagoma kufunguka, na majina ya wateja wake wote yakabaki mle ndani. Alilisimulia jambo hilo kila mara kama mtu anayesimulia msiba.

Wakati huo nilikuwa na CD iliyokuja na gazeti la kompyuta la ng'ambo, imejaa programu na chanzo chake. Chanzo ni yale maandishi ya programu ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, kabla hayajageuzwa kuwa kitu ambacho ni mashine peke yake inayoelewa. Humo nikaona programu ya maktaba, ya kuazima vitabu. Nikacheka peke yangu. Kitabu kina namba, kina mtu aliyekiazima, kina siku ya kurudi. Kreti nayo ni hivyo hivyo. Nikakaa nayo majuma kadhaa nikibadilisha maneno. Kuna mahali nilisahau, na kwa muda mrefu karani wa Bwana Mutua alikuwa akiona kwenye kioo cha kompyuta kwamba mwandishi wa kreti hajulikani.

Siku ya kuipeleka, disketi haikutosha. Ilibaki nafasi kidogo tu, nami sikuwa na disketi nyingine, na Bwana Mutua alikuwa ameketi kwenye benchi ananisubiri. Nikaangalia kitu gani hakina kazi. Kulikuwa na faili linaloitwa COPYING, refu, maneno matupu, wala kompyuta haikulihitaji ili ifanye kazi. Nikalifuta. Ikawa bado kidogo. Kwenye kioo cha kufungulia programu kulikuwa na jina la mtu na aya nzima ya maneno, nikaifuta hiyo pia ndani ya chanzo, nikaigeuza programu upya bila jina lile. Mahali pake nikaandika "Imetengenezwa na Saru, Voi". Ikatosha. Nafasi ya kuandika jina langu, mnaona, ilipatikana.

Kisha nikatia sahihi. Mkataba tuliuchapa wenyewe, Bwana Mutua akisema maneno. Ulisema programu yote ni kazi ya mikono yangu, na hakuna mwingine atakayepewa. Tukausoma kwa sauti kama ilivyo ada, mimi nikisoma, Bi Zuhura akifuata kwa kidole. Nilisoma sentensi ile vizuri, bila kukwama. Mkebe wa biskuti ukafunguliwa, muhuri ukagongwa.

Na chanzo nilibaki nacho mimi, kwenye disketi mbili ndani ya droo yangu. Nilijiambia, Bwana Mutua akitaka kubadilisha hata neno moja, atakuja kwangu. Fundi wa Nairobi alikuwa amemfunga kwa kutokujali. Mimi nilimfunga kwa akili, nikajisifu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwaka ulipokaribia kugeuka elfu mbili. Mwezi wa kumi Bwana Mutua aligawa kreti za msimu, za kurudishwa mwezi wa kwanza. Programu ile iliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Ilipoona sufuri mbili ikahesabu ni mwaka elfu moja mia tisa, na bila kuona aibu ikachapa barua za madai. Mama Eliza, mfanyabiashara wa ndizi wa Bomeni kule Taveta, alipanda gari mpaka Voi na barua yake mkononi. Ilimwambia kreti zake kumi na mbili zimechelewa kwa karibu miaka mia moja.

"Mwanangu," akaniambia, "hata nyanya yangu hakuwa amezaliwa. Au ni yeye mlimwazima?"

Tulicheka wote pale dukani, lakini Bwana Mutua alipopata habari hakucheka. Alikuwa amepatana na shemeji yake wa Mombasa, mwenye malori zaidi, amuuzie programu ile ile, kitu cha peke yake ambacho Voi nzima hakuna. Alinipa majuma mawili niitengeneze.

Nikaona nimtafute mtu aliyeiandika mwanzo, nimuulize tarehe zinakaa wapi. Jina lake nilikuwa nimelifuta. Nikarudi kwenye CD ya gazeti, na anwani ilikuwa ndani ya faili lile lile la COPYING. Safari hii nikalisoma, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine.

Wanangu, nilitoka jasho mchana kweupe. Leseni ile, inayoitwa GPL, ilisema tumia programu upendavyo, kwa biashara au kwa jambo lolote. Ibadilishe. Wape wengine, hata kuuza uza. Lakini unayempa, mpe na chanzo, au mwambie wazi atakipataje. Usiondoe jina la mwenyewe wala masharti haya. Ukiongeza yako, sema umebadilisha nini, na hicho ulichochanganya ukikitoa, kitoke kwa ruhusa hii hii, usimfungie mwingine mlango uliofunguliwa wewe. Halafu pale chini: ukivunja, ruhusa yako inakoma. Waliopokea kwako hawapotezi yao, maadamu wao wanafuata masharti. Kwa maneno mengine, Bwana Mutua alikuwa salama. Mimi ndiye niliyekuwa nje.

Ningeweza kunyamaza. Voi na huko ng'ambo ni mbali, na nani angejua? Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia Bi Zuhura.

Hakupiga kelele. Aliniambia nilichape faili lote, na tukalisoma kwa sauti, mimi na yeye, alasiri mbili mfululizo, wateja wakisubiri. Kiingereza chake kilikuwa cha kupigia taipu barua za ofisi, cha polepole lakini hakikuruka kitu. Penye neno gumu tulifungua kamusi. Mimi nilidhani nitamfafanulia. Ikawa yeye ndiye aliyenifafanulia.

"Hii ni kama wakfu," alisema. "Mtu kachimba kisima, kakiweka wakfu. Ukitaka kuteka, teka. Ukitaka kuwabebea watu maji uwatoze kwa jasho lako, watoze. Kukizungushia ua ukasema ni chako, hilo huna."

Nikamwambia si sawa kabisa, kwa sababu huyu aliyeandika bado ana haki yake. Akasema basi ni vibaya zaidi, kwa kuwa mwenye kisima yu hai na mimi nimekwangua jina lake ukutani. Kisha akauleta mkataba, akaweka kidole kwenye sentensi ile.

"Saru, ulinisomea uongo kwa sauti, nami nikaugongea muhuri."

Nililia. Sioni haya kuwaambia. Duka lile halikuwa na mali yoyote ila muhuri ule. Watu walitoka Wundanyi na Taveta kuja kuchapisha karatasi pale kwa sababu ukigongwa, mambo yamekwisha. Kama Bwana Mutua angetangaza kwamba muhuri wa Bi Zuhura umegongwa juu ya uongo, tungefunga.

Alinipa kazi mbili: kwenda kwa Bwana Mutua, na kumwandikia mwenye programu. Tarehe niliruhusiwa kuzitengeneza baadaye.

Tulikwenda pamoja kwenye yadi ya malori. Nilieleza yote, nikikwama hapa na pale, na Bi Zuhura hakunisaidia hata kwa neno moja. Bwana Mutua alisikiliza huku akikuna kidevu.

"Kwa hivyo mimi nilinunua kitu ya watu," alisema.

Nikamwambia alinunua kazi yangu, na kazi ile ilikuwa ya kweli. Kitu chenyewe kina mwenyewe, na huyo mwenyewe amempa yeye ruhusa. Majina ya wateja wake na hesabu ya kreti ni vyake peke yake, leseni haigusi hizo. Akitumia programu hapa yadini, hakuna atakayemdai chochote hata akiibadilisha kila Jumatatu. Akimpa shemeji yake, ampe na chanzo na leseni, na hawezi kumwambia ni kitu cha peke yake. Alikasirika. Aliuliza sasa yeye anapata faida gani ambayo mwingine hana.

Hapo nikatoa zile disketi mbili kwenye mkoba.  Nilijua nikizitoa, kamba niliyomfungia imekatika, na kazi zangu zote za mbele kwake zinaweza kwenda kwa mtu mwingine.

"Hiki ndicho chanzo," nikasema. "Kilikuwa haki yako tangu siku ya kwanza. Nilikunyima."

Alizipokea, akazigeuza kama mtu anayeangalia kama zimeoza.

"Na wewe ukihama kama yule wa Nairobi?"

"Utampa fundi yeyote hizo, na ataendelea."

Alizitia zile disketi mfukoni mwa shati. Kisha akamwambia Bi Zuhura mkataba uandikwe upya, useme ukweli, na sentensi hiyo ya disketi iwe ya kwanza. Msidhani alinikumbatia. Siku hiyo hiyo alisema chanzo atakipeleka kwa mwalimu mmoja wa chuo akikague, na alikipeleka. Niliumia, lakini ilikuwa haki yake. Baada ya siku chache mwalimu yule akaja dukani na disketi. Alikuwa ameongeza ukurasa unaopanga kreti kwa jina la dereva, kitu ambacho mimi sikukifikiria, akaniletea nami niwe nacho. Nilikuwa sijawahi kupokea kitu namna hiyo. Nikamtengenezea chai.

Na tarehe? Nilipotulia nikaisoma ile programu toka juu, nikaipata mahali inapokata mwaka. Palikuwa mahali pamoja tu. Kreti za Mama Eliza zikarudi kwenye karne yake.

Ile kazi ya pili, barua kwa mwenye programu, ndiyo iliyoniogopesha. Ofisi moja ya mradi wa maji pale mjini ilikuwa na modemu, wakakubali nitume barua pepe. Niliandika nilichofanya bila kukipaka sukari: nililifuta faili lako, nililifuta jina lako, niliandika langu, niliuza. Nimerudisha kila kitu, mteja amepewa chanzo. Rekebisho la tarehe hili hapa, na ukurasa wa mwalimu huu hapa, kwa idhini yake. Naomba ruhusa yangu. Bi Zuhura akafuata kwa kidole, tukaituma.

Siku kumi na moja. Nilikuwa nikipita pale mradi wa maji kila asubuhi mpaka mlinzi akadhani nina mpenzi mle ndani.

Katika kungoja huko nilijifunza zaidi kuliko katika kozi nzima, kwa hiyo niwaachie haya. Leseni si zote ni za aina ile. Nyingine ni fupi, aya mbili tatu: zinasema fanya utakalo, hata kufunga funga, ila jina langu na maneno haya yabaki. Hizo nazo watu huzivunja kwa uvivu wa kubakisha jina. Na ukiokota programu haina leseni hata kidogo, usiseme ni ya bure. Mlango usio na maandishi bado ni mlango wa mtu. Soma kabla hujaandika mkataba, si baada, kwa sababu huwezi kumuahidi mteja kitu ambacho wewe mwenyewe hukupewa. Na uza kazi yako: kufunga mtambo, kufundisha karani, kuamka programu ikigoma. Shemeji wa Bwana Mutua alitupa kazi hiyo hatimaye, chanzo chake kwenye disketi na leseni juu, na alifurahi kuliko angeuziwa siri. Disketi siku zote beba mbili.

Jibu lilikuja. Aliyeandika programu ile alikuwa mkutubi wa mji mdogo huko kwenye baridi, mwanamke, aliyeitengeneza kwa sababu maktaba yake haikuwa na uwezo wa kununua. Alisema hajawahi kufikiria kwamba programu yake ingejua ndizi. Alisema ruhusa yangu ameirudisha. Aliambatanisha toleo jipya lenye rekebisho la tarehe, akasema maktaba nyingine zilikuwa zikilihitaji kabla ya mwaka kwisha.

Bi Zuhura akasema toleo jipya ni karatasi mpya, lazima lisomwe lote. Nikachapa nakala mbili, nikaanza na leseni kutoka juu, naye kidole chake kikifuata. Baada ya leseni kulikuwa na orodha fupi ya watu waliosaidia. Nikasoma jina la kwanza, la pili, la mwalimu wa chuo. Lililofuata lilikuwa "Saru, Voi, Kenya: tarehe". Nikaacha kusoma.

Bi Zuhura hakuinua macho. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya jina langu, kinanisubiri.

"Soma, mwanangu," akasema. "Halijaisha."